Msiba wa Sini ya Nne

Kinyozi alitoka tena mwisho wa korido, akapita mbele ya milango sita ya wapangaji, akasimama kwenye wa saba na kuinua mkono kama mtu anayetaka kubisha. Ilikuwa teki ya tano, mara ya tano kupigwa kipande kile kile, na saa mbili asubuhi ilikuwa bado.

"Kata," alisema Dairekta. "Kinyozi, mbona unachechemea? Sikukwambia uchechemee."

"Sichechemei mimi. Viatu vyako hivi ndivyo vinavyochechemea." Akavua cha kushoto, akakigeuza juu chini. Kisigino kilikuwa kimelika upande mmoja mpaka kikawa mteremko. "Ona mwenyewe. Mvalishe hata bwana harusi, atatembea kama mbeba magunia."

Wapangaji waliokuwa wamejibanza milangoni na miswaki midomoni wakacheka. Dairekta hakucheka. Viatu vilikuwa vya baba yake. Kinyozi alihamia nyumba ile mwaka jana, hakuwahi kumwona mwenyewe, na hakuna aliyemfundisha ule mwendo wa hatua moja nzito na ya pili inayoburuta kidogo. Korido ilikuwa haijausikia kwa miaka minne. Na kila teki ilipoanza, kule uani mama yake Dairekta, aliyekuwa anafua, aliacha kusugua. Maji yalikuwa yananyamaza kabisa. Ikisikika "kata", anaanza tena.

Mara tano. Dairekta alijikuta anazihesabu.

"Ya tano safi," alisema Jicho, mwanafunzi mwenzake, bila kuondoa uso kwenye kamera. "Tunayo. Tuhamie uani, jua halitusubiri."

Kamera ilikuwa ya chuo. Zilikuwepo nne, mbili mbovu, na wanafunzi kumi na wawili walizipokezana kwa zamu. Zamu yao ilikuwa inaisha leo saa kumi jioni. Filamu ilikuwa na sini nne, vipande vinne vya kisa; ya kwanza na ya tatu walishazipiga juma lililopita. Leo ilikuwa ya pili, hii ya viatu, na ya nne. Na hiyo ya nne ndiyo ilikuwa filamu yenyewe: mke anatoka chumbani, anakuta watu wamekuja kumkalisha msiba wa mumewe aliyepotea, naye anakataa kukaa. Bila sini hiyo walikuwa na dakika sita za watu wanaopitapita. Walimu wangeitazama Jumatatu. Asiye na filamu anarudia mwaka, na kwa Dairekta kurudia mwaka maana yake ni kuacha chuo, kwa sababu hata ada ya mwaka huu mama yake aliipata kwa kufulia watu, shuka baada ya shuka, mpaka kucha zikalainika.

Jina la Dairekta alipewa na nyumba hiyo hiyo, tangu mwaka wa kwanza alipoanza kupita uani akiwatazama watu kupitia vidole vyake vinne vilivyounganishwa kama dirisha. Kwenye karatasi aliyowapelekea walimu aliandika kwamba kisa amekitunga. Nyumba nzima ilijua hakukitunga.

Baba yake alikuwa mpakiaji kwenye ghala la mablanketi. Siku moja ya mapumziko yake alivaa viatu vipya vya kazini, akasema anakwenda kumsaidia mtu, hachelewi. Mchana ule ghala liliungua. Jioni karani wa getini alisimama juu ya tofali akasoma orodha ya walioandikwa kuingia asubuhi, majina kumi na moja. Lake halikuwemo. Mama alishukuru mpaka akapiga magoti kwenye majivu. Kisha ikapita wiki, ukapita mwezi, ikaja barua ya kampuni: mfanyakazi tajwa ametoroka kazini, na familia yake inatakiwa kurudisha mali ya kampuni, yaani viatu, jozi moja.

Basi mama akaing'ang'ania barua. Kampuni yenyewe imesema ametoroka, na mtoro ni mtu aliye hai mahali fulani. Simu ya mumewe, aliyoiacha siku ile kwenye chaji, aliiweka kabatini. Kila baada ya wiki kadhaa aliitoa, akajipigia mwenyewe, ili laini isifungwe. Wapangaji waliisikia simu ya mama ikilia, wakajua nani anapiga, wakaendelea na mambo yao. Mtu angesema nini?

Alipoombwa uani kwa ajili ya sini ya nne, mama alinyamaza siku mbili, halafu akakubali kwa masharti. Jina la mumewe lisitajwe. Picha yake isitundikwe. Na mtu yeyote asimwambie pole.

"Mkitaka kuigiza, igizeni," alisema. "Mimi nitakuwa jikoni kwangu. Siko kwenye msiba wenu."

Kufika saa nne turubai lilikuwa limefungwa kutoka bomba la maji hadi paa la choo, na viti vya plastiki kumi na vitano vya kukodi vimepangwa. Kazi ya kutafuta watu wa kuvijaza alipewa Mama Cherehani, fundi nguo wa chumba cha pili, ambaye pia ndiye angeigiza mke. Mwanamke huyu alikuwa na sauti ya kuuzia mnadani na hakuna siri iliyolala kwake mpaka asubuhi. Aliambiwa alete watu kumi na watano.

"Nimewaambia wazi kwamba ni filamu," alijitetea baadaye. "Nimewaambia bombani, nimewaambia sokoni, nimewaambia filamu, filamu, filamu."

Na kweli watu walisikia filamu. Ila walisikia pia ni ya nani.

Walianza kuja wawili wawili. Wanawake walikuja wamejifunga nguo kichwani kama wanavyojifunga siku za namna ile, wanaume na makoti joto lote lile. Hawakupiga kelele za kuja kutazama kamera. Waliingia polepole, wakaketi, wakatazama miguu yao. Wakaja wa mtaa wa pili, wakaja waliowahi kufanya kazi na baba yake. Muuza mkaa alifika na gunia nusu, akalitua karibu na jiko, akarudi kuketi bila kusema amemletea nani. Mzee mmoja alimshika Dairekta mkono kwa mikono miwili, akaachia. Mwanamke ambaye Dairekta hakumjua alipitiliza mpaka jikoni, akachuchumaa kando ya mama na kuanza kuosha vikombe. Hakuwa ameombwa. Viti vilipokwisha watu wakakaa kwenye ndoo zilizopinduliwa.

"Hawa wote umewatoa wapi?" Jicho alinong'ona, kamera begani. "Nyuso kama hizi hununui, dada. Hizi hununui."

"Tuanze," alisema Dairekta. "Mama Cherehani, unatoka mlangoni, unawaona, unasema maneno yako. Eksheni."

Mama Cherehani akatoka. Akafika katikati ya uwanja, akawaangalia wale watu, akafungua mdomo, akaufunga.

"Kata. Umesahau? 'Toeni viti hivi, hapa hajafa mtu.'"

"Maneno ninayajua." Sauti yake ya mnadani ilikuwa imepungua. "Ila wananitazama kama mimi ndiye. Waambie wasinitazame hivyo."

"Ndivyo wanavyotakiwa kukutazama, mama."

"Basi wanajua kuigiza kuliko mimi."

Mtu mmoja nyuma akapenga kamasi. Walikuwa wanajiandaa na teki ya pili pale afisa wa mtaa alipoinama kupita chini ya kamba ya turubai, kofia kichwani, kitabu cha risiti kwapani.

"Nani amewapa ruhusa ya kupiga filamu hapa?"

"Nilileta barua ya chuo ofisini kwako mara tatu, mzee," alisema Dairekta. "Uliniambia nirudi kesho."

"Sasa hiyo kesho imefika?"

"Wiki tatu nimerudi."

"Barua ya chuo siyo kibali. Filamu ni biashara, biashara ina kibali, na kibali kina ada." Akamgeukia Jicho. "Leta kamera. Mtaikuta ofisini, pamoja na faini yake."

Jicho aliikumbatia kamera kama mtoto mgonjwa. Ilikuwa na bei ya nyumba nzima ile na wapangaji ndani yake. Ikilala ofisini kwa afisa, wote wawili wangefukuzwa chuo kabla ya hiyo Jumatatu.

"Shemeji," Mama Cherehani akaingilia, "wewe unaona kamera tu, watu huwaoni? Hapa pana msiba."

"Mama Cherehani, jana umenipunguzia suruali na kunieleza mwenyewe kwamba leo unacheza filamu. Mpaka ukanionyesha utakavyolia."

Kicheko kidogo kikapita, kikafa chenyewe.

"Msiba hauhitaji kibali," alisema mtu kutoka viti vya nyuma.

"Hauhitaji," afisa alikubali. "Msiba ungekuwa msiba, ningevua kofia. Lakini msiba una mwenyewe. Haya, mwenye msiba ni nani?"

Mama Cherehani alitazama chini. Dairekta alifungua mdomo, na mara moja akajua kwamba hili hawezi kulisema yeye. Si kwa niaba ya mwingine, na si kwa ajili ya kamera.

"Ni mimi."

Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mikono inachuruzika maji ya vyombo.

"Mama, hapana," alisema Dairekta.

"Msiba ni wangu," mama alimwambia afisa. "Watu hawa wamekuja kwangu."

"Aliyefariki ni nani?"

Mama akataja majina matatu ya mumewe, moja baada ya jingine, taratibu, kama mtu anayetua mizigo aliyokuja nayo mbali. Kisha akajifuta mikono kwenye nguo, akapita katikati ya watu, akaenda kuketi kwenye kiti cha mbele. Kiti kilikuwa kimewekwa pale kwa ajili ya sini, ili mwigizaji akikatae.

Halafu mwanamke aliyekuwa akiosha vikombe akasema, "Pole, mwenzangu," na baada ya huyo zikaja kutoka kila upande, pole, pole sana, pole mama, za miaka minne zote kwa pamoja. Mama aliitikia kila moja. "Asante. Nimeshapoa. Asante."

Dairekta alimwashiria Jicho. Jicho akaiweka kamera juu ya ngazi ya jikoni, akaitupia shuka.

Afisa alivua kofia, kwa kuwa alikuwa ameahidi. Lakini alitoa kalamu pia. "Kibali cha mazishi mnacho?"

"Hatukuzika," alisema mama.

"Cheti cha kifo?"

"Hatukupewa."

"Maiti iko wapi?" Akapekua kitabu. "Mama, mimi siwezi kuandika msiba usio na maiti. Kitabu hakina sehemu yake."

"Basi usiandike. Kaa tu."

Akakaa. Labda alikaa kwa adabu, labda kwa ajili ya kamera. Aliichagua nafasi ambayo shuka ilikuwa mbele ya macho yake. "Ile ikifunuliwa," alimwambia Jicho kwa upole, "naondoka nayo."

Saa sita ikapita. Dairekta alizunguka na birika akimimina chai, na kila alipopita karibu na Jicho walinong'onezana.

"Ataondoka," alisema Jicho.

"Ana kikombe cha tatu."

"Kibofu kitamwondoa."

Jua lilikuwa linahama. Kivuli cha turubai kilishafika kwenye beseni la kufulia, na saa kumi ilikuwa inakuja bila kumwuliza mtu. Wakati huo huo msiba ulikuwa umekolea na hauna habari na sini wala teki. Watu walimzungumza baba yake. Alivyobeba marobota mawili wakati wenzake wanabeba moja, halafu jioni anaomba kusuguliwa mgongo na nyumba nzima. Alivyoimba vibaya bafuni mpaka mpangaji mmoja akahama. Alivyomfukuza mwizi wa ndoo, akamkamata, akamhurumia, akamwachia na ndoo. Mama alicheka kwenye ile ya ndoo. Alicheka mpaka akashika mbavu, na bila kituo kicheko kikageuka kilio, na wanawake wawili wakamshika mabega. Afisa alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake.

Saa nane hivi akaja Marehemu.

Mtaa mzima ulimwita hivyo, naye alikuwa anaitika. Siku ya moto, jina lake lilikuwa la nne katika yale kumi na moja. Mkewe alishaanguka chini pale getini, anapepewa, Marehemu alipotokea barabarani kwa miguu yake, mwanawe mgonjwa mgongoni, anauliza kuna nini. Karani akasema ni makosa ya uandishi, akachora mstari juu ya jina. Tangu hapo ikawa utani usioisha. Marehemu, huko foleni ikoje? Marehemu, wanalipa kwa wakati? Alikuwa anacheka pamoja nao. Bado alikuwa mpakiaji kwenye ghala jipya la watu wale wale. Na kwa miaka minne hakuwahi kukanyaga nyumba hii. Akimwona mama upande mmoja wa barabara, yeye huvuka. Watu walisema lazima alikopa kitu.

"Na Marehemu naye amekuja kutuzika," alisema mtu, na wachache wakacheka.

Hakucheka. Alipita katikati ya viti akachuchumaa mbele ya mama, magoti yakalia.

"Dada," alisema, "karani hakukosea siku ile."

"Hakukosea nini?"

"Jina langu. Lilikuwa mahali pake. Siku ile mwanangu alizidiwa, nikampeleka hospitali, na ukikosa zamu mbili unaondolewa kazini. Nikamwomba mumeo. Akaingia kwa jina langu. Tulikuwa tunafanyiana hivyo sote, leo mimi, kesho wewe. Karani anaangalia mstari umejazwa, uso haangalii."

Uani kote kulisikika bomba tu, lile lisilofungika, likidondosha.

"Alisema anakwenda kumsaidia mtu," alisema mama.

"Mtu huyo ni mimi."

"Ndiyo."

"Walipofuta jina langu hawakuandika jingine. Orodha ikabaki kumi. Mimi nilikuwa kati ya tulioitwa kubeba mifuko ya maiti, dada. Niliibeba mwenyewe mpaka shimoni. Mifuko ilikuwa kumi na moja. Niliihesabu mara mbili. Ninaihesabu mpaka leo."

"Kwa nini hawakutoka?"

"Mlango ulikuwa na kufuli kwa nje. Siku zote ulikuwa na kufuli kwa nje, tusiibe blanketi."

Mama akauliza jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. "Viatu vipya vilikuwa vinambana?"

"Vilimbana. Nilimkuta njia panda asubuhi, amelegeza kamba. Akasema jioni atarudia vile vya zamani."

Kule nyuma, Kinyozi aliinama kimya kimya, akavifungua viatu alivyokuwa bado amevivaa, akavivua na kusimama na soksi kwenye tope la bombani.

Dairekta ndipo alipoiona lenzi. Jicho alikuwa ameinua pembe ya shuka, upana wa viganja viwili. Alikuwa anamtazama yeye, nyusi juu, akiuliza. Dairekta alijua bila kusogea picha inaonekana namna gani kutoka pale: uso wa mama, mgongo wa mwanamume aliyechuchumaa, na nyuma yao afisa na kofia yake magotini. Alikuwa ameitafuta picha hiyo kwa vidole vyake tangu mwaka wa kwanza. Ilikuwa filamu. Ilikuwa Jumatatu, na shahada, na mikono ya mama kupumzika.

Marehemu naye aligeuza shingo akaiona.

"Binti yangu," alisema. Hakupandisha sauti. "Mimi nimekuja kuwaambia wenye msiba. Ikionekana nimeingiza mtu kwa jina langu, watu wa kampuni hawatauliza habari ya kufuli. Watasema mimi ndiye niliyemuua, na watapata karatasi ya kuonyesha."

Dairekta alivuka uwanja, akaishika shuka, akaifunika kamera mwenyewe, na kuzichomeka pembe zake chini.

"Samahani, baba," alisema.

Afisa alikuwa amesimama. Kila mtu alimgeukia, kwa sababu kitabu kilikuwa mkononi na kalamu ilikuwa mfukoni, na yaliyosemwa yalikuwa na jina, na siku, na mahali, na idadi. Alivaa kofia.

"Mimi nilikuja kwa habari ya kamera," alisema. "Kamera sijaiona. Hayo mengine sikuyasikia." Akamwinamia mama kidogo. "Pole, mama." Akainama tena kupita chini ya kamba, akaenda, kwa haraka kuliko alivyokuja.

Mama Cherehani alimsindikiza kwa macho mpaka akakata kona. Akamsogelea Dairekta sikioni. "Ameondoka. Saa moja bado mnayo. Nguo yangu ninayo. Tupige?"

Dairekta alitazama kiti cha mbele. Kwenye karatasi zake, mke anaingia, anakikataa kiti, anasema hapa hajafa mtu, watu wanatawanyika, mwisho. Mama yake alikuwa amekikalia, mikono miwili juu ya magoti, na Marehemu ameegemea mguu wa kiti hicho kama mtu aliyeishiwa pumzi. Nani angemwambia mama, hebu simama kidogo, tunapiga picha?

"Hakuna sini tena," alisema.

Alikusanya nyaya. Mama alimwona, akamwita kwa kidole, akamrekebishia kola ya blauzi kama zamani akienda shule. "Karudishe kamera ya watu," alisema. "Hapa mimi sina upweke. Nina watu."

Stoo ya vifaa ya chuo ilikuwa chini ya ngazi, na dirisha lake lina nondo. Mtunza stoo aliipokea kamera, akaikagua kioo, akaikagua betri, akahesabu nyaya, akatoa fomu. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika nane. Jicho alikuwa amebaki nje, ameketi kwenye ngazi, hataki kuzungumza na mtu.

"Sini zilizokusudiwa?"

"Mbili."

"Zilizokamilika?"

"Moja."

"Sababu." Akasoma bila kuinua kichwa. "Ugonjwa, hitilafu ya kifaa, mvua, au msiba."

"Msiba."

Akainua kichwa. "Oh. Pole, dada. Wa nani?"

"Baba yangu."

"Pole sana. Alifariki lini?"

"Miaka minne iliyopita."

Mtunza stoo aliweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa fomu. "Dada, hapa wanauliza msiba wa siku za zamu."

"Umekaliwa leo. Watu bado wako pale, ukitaka nenda ukawaone."

"Barua ya mtaa unayo?"

"Afisa wa mtaa alikuwepo toka asubuhi. Alikunywa chai vikombe vitatu. Barua hakuandika."

"Sasa mimi nitaandika nini?" Alingoja apewe msaada, hakuupata, akachora alama kwenye kisanduku cha mwisho kabisa, kile cha *bila sababu*. "Ya kurudia mwaka wataamua idara. Mimi napeleka karatasi tu."

"Najua. Hapo chini pana mstari wa jina la aliyefariki. Naomba nijaze."

"Haitabadilisha kitu. Nimeshaweka bila sababu."

"Nijaze tu."

Alimsukumia fomu chini ya nondo, labda kwa kuchoka, labda kwa sababu foleni ilikuwa fupi. Fomu ilikuwa na nakala tatu na kaboni katikati. Dairekta aliandika majina matatu ya baba yake kwa herufi kubwa, akikandamiza kalamu mpaka meza ikalia. Mbele ya neno *mahali* aliandika: ghalani, namba kumi na moja.

Mtunza stoo aligonga muhuri. Akachana nakala, kwa sababu ndivyo ilivyotakiwa kwa kila fomu, yenye sababu na isiyo na sababu: nyeupe ya idara, ya njano ya masjala, ya waridi ya stoo. Akafungua faili na kuitoboa ile ya waridi matundu mawili.

"Subiri," alisema Dairekta.

Akaegemeza paji la uso kwenye nondo, akaisoma ile nakala ya mwisho. Wino ulikuwa umefifia, lakini herufi zote zilikuwa zimefika.

"Haya," alisema. "Ifungie."